Siku Baba Alipoingia Mto Bitterroot Pekupeku

Mwaka 2017 moshi ulituweka ndani karibu miezi miwili. Radi ilipiga mlima wa Lolo Peak katikati ya Julai, kusini kidogo ya mji wetu wa Missoula, jimbo la Montana, Marekani, na msitu ukawaka hadi mvua za Septemba. Tulikuwa hatujatimiza mwaka tangu tutoke kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Kila asubuhi Baba alisimama dirishani, akalitazama jua jekundu kama nyanya, akasema, "Tumekimbia vita, tumekuja kuishi jikoni."

Mvua ikaja. Milima ikaonekana tena, huko juu theluji imeshaanguka, na asubuhi ukitoka nje unaona pumzi yako. Jumamosi moja jirani yetu, mzee mstaafu aliyekuwa akimfundisha Mama kuendesha gari, akagonga mlango ameshika fimbo mbili za kuvulia. Kosa lilikuwa langu: nilimwambia kwamba Baba alikuwa mvuvi.

Na alikuwa mvuvi kweli. Kwao ni Baraka, upande wa Fizi, Kongo, kwenye Ziwa Tanganyika. Usiku wa giza wanawasha karabai, wanavua dagaa na migebuka. Mbalamwezi ikitoka wanakaa ufukweni wakishona nyavu. Hayo nilihadithiwa tu. Mimi nilizaliwa kambini mwaka 1998, na kutoka kambini kulitaka kibali. Baba alikaa miaka 20 bila kugusa ndoana. Hata Missoula, ambako mto Clark Fork unapita katikati ya mji, alikuwa akivuka daraja macho mbele kama mtu anayedaiwa na mto.

Nilidhani atakataa. Akachukua koti.

Tulikwenda Bitterroot, karibu nusu saa kwa gari. Miti ya ukingoni ilikuwa imeanza kugeuka njano, na mto ulikuwa umepungua hadi mawe ya kando yamebaki makavu. Njiani mzee alitueleza kwamba maji yakipata joto sana kiangazi, jimbo linaweza kufunga uvuvi kuanzia saa nane mchana hadi saa sita usiku, kwa sababu maji ya moto yana hewa kidogo na samaki akishapigana na mshipi anaweza kufa hata ukimwachia. Amri hiyo wenyeji wanaiita kwa jina la bundi. Nilipomtafsiria Baba alitikisa kichwa. "Kwa nini wamtaje ndege huyo tunapokwenda kutafuta riziki?"

Somo lilianza na mimi. Uvuvi huu wa nzi wa bandia una kichwa chake: kinachorushwa si ndoana, ni mshipi. Nzi mwenyewe ni manyoya yaliyofungwa kwa uzi kwenye ndoana ya ukubwa wa punje ya mchele, hana uzito wowote. Uzito uko kwenye mshipi, ambao ni mnene na mwisho wake umeungwa uzi mwembamba usioonekana. Unaupeleka nyuma, unasubiri unyooke hewani, ndipo unaupeleka mbele. Hapo pa kusubiri ndipo paliponishinda. Mara ya kwanza nilinasa kofia yangu. Mara ya pili nikanasa kichaka, na mzee akaenda kukinasua bila kusema neno, jambo lililoniaibisha zaidi.

Baba alikuwa ameketi kwenye gogo, ameweka nzi mmoja kiganjani.

"Chambo kiko wapi?"

"Ndiyo hicho, Baba."

"Hiki?" Akakigeuza kwa ukucha. "Hiki hakina nyama. Mnamdanganya samaki halafu hamli?"

Maana nilikuwa nimeshamwambia pia kwamba samaki wa pale tungewarudisha majini. Hilo halikumwingia kabisa, na sikumlaumu.

Baada ya saa sita mchana wingu lilifunika, vijidudu vya rangi ya kahawia vikaanza kutoka majini, mabawa yamesimama kama tanga. Chini ya gogo lililoanguka, ng'ambo kidogo, pakatokea kiduara. Halafu kingine. Nikarusha pale pale kwenye kiduara. Kimya. Nikarusha tena, na tena.

Nyuma yangu nikasikia maji yanalia. Baba amekunja suruali hadi magotini, amevua viatu, anaingia mtoni pekupeku. Mzee alimpungia mikono akimwonyesha suruali za mpira zilizobaki garini. Baba hakugeuka.

"Maji haya yana meno," akasema, na akaendelea kuja. Akasimama kando yangu. "Usimrushie kichwani. Mrushie juu yake, mto umpelekee. Tena angalia mshipi wako, katikati pana mkondo wenye kasi, unaubeba, mshipi unamburuta mdudu. Umeona wapi mdudu anakata maji kama mtumbwi wenye injini?"

Nilimtafsiria mzee. Alicheka, akasema ndicho alichokuwa anajaribu kunifundisha tangu asubuhi, kisha akanichukua fimbo na kumpa Baba.

Baba hakurusha kama tulivyofundishwa. Aliinama, akavuta mshipi mfupi kwa mkono, akaurusha upande kwa chini kama anayemwaga maji ya kuoshea vyombo. Nzi akatua majini, juu kidogo ya gogo, upande mto unakotoka. Baba akainyanyua ncha ya fimbo kidogo, mshipi ukalegea, nzi akateremka polepole. Hakikutokea kitu. Mara ya tatu nzi akatoweka bila kelele.

Gurudumu la mshipi hakuligusa. Aliuachia na kuuvuta mshipi kwa vidole, na hapo nikaliona kovu ambalo nimekuwa nikiliona maisha yangu yote bila kuuliza, mstari mweupe uliokata kidole chake cha shahada pembeni. Mshipi ulipita juu yake sawasawa, kama kamba kwenye mfereji wake.

Samaki alikuwa trauti, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidoleni, madoa meusi yamejazana karibu na mkia, na chini ya taya ana alama mbili nyekundu. Ndiyo maana kwa Kiingereza wanamwita mkatwa koo.

"Amechinjwa tayari," Baba akasema, "halafu tumrudishe?"

Mzee alimwonyesha alowanishe mikono kwanza, ili asiutoe ute unaomkinga samaki. Baba alimtazama kwa mshangao: mikono yake ilikuwa majini muda wote. Akamshika samaki chini ya maji, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, akamtoa ndoana kwa kidole gumba. Akafungua mikono. Samaki hakuondoka. Alikaa palepale katikati ya viganja vya Baba, mashavu yakifunguka na kufunga, nikahesabu hadi kumi na moja. Kisha hayupo.

Miguu ya Baba ilikuwa imebadilika rangi. Tulimvisha soksi za mzee, tukawasha hita ya gari, na njia nzima aliuliza habari za samaki: wanalala wapi barafu ikishika, wanataga lini, nani anawala.

Mama alikuwa mlangoni na sufuria mkononi, mafuta yameshapata moto.

"Samaki yuko wapi?"

"Tumemwacha mtoni," Baba akajibu, akimpita kwenda kunawa.

Mama alimshika mkono, akaunusa, akanigeukia. "Mkono unanuka samaki, sufuria haina kitu. Huko mlikokwenda ni kuvua au kusalimiana?"