Rangi Mbichi

Jana alasiri nilimkuta binti yangu barazani anakwangua kwa kijiko, pale pembeni ambapo rangi ya maziwa imeanza kubanduka kwa chumvi. Alikuwa ameshatoa kiduara kama sarafu ya shilingi ishirini, na ndani ya kiduara, kijani. Kijani kikali, cha mlango wa msikiti.

"Baba, huku chini nani alipaka?"

"Mimi."

"Mbona ukabadilisha?"

Nikamwambia haikukauka vizuri. Akaniangalia kwa jicho la mamake, akaendelea kukwangua. Mama mtu alikuwa ukumbini anapepeta mchele. Nikasikia ungo umesita, kisha ukaendelea. Miaka yote hii hajasema kitu. Basi niseme mimi.

Ilikuwa Mei 2016, Shaaban, Ramadhani imebakisha wiki mbili. Tulikuwa na mwezi na siku kadhaa hapa Majengo. Miaka kumi na moja tulipanga Mikindani, na siku ya kukabidhiwa funguo bangili za mama watoto zilikuwa zimeshakwenda kwa sonara, mchezo umeshaliwa, na pikipiki yangu yuwaiendesha mtu mwingine. Benki hatukuigusa, kwa kuogopa riba. Jambo hilo najivunia mpaka leo, ingawa bangili hazikuwa zangu. Mwalimu wa chuo akaja akatusomea Yasin, ubani ukafukizwa chumba kwa chumba mpaka uani kwenye kisima, watu wakala pilau wakaenda zao. Nikawa mwenye nyumba.

Mwenye nyumba, si mwenye ardhi. Kwa mtu wa Mombasa hilo halina haja ya maelezo, ila binti ameshaanza kuuliza na hilo pia: nyumba ni yetu, sasa mbona kila mwezi wapeleka kodi? Napeleka kodi ya kiwanja, kwa wakala wa mtu ambaye sijapata kumwona uso. Mwingereza alileta sheria yake ya hati za ardhi mwaka 1908. Aliyejua njia ya ofisini akaandikisha, asiyejua akaamka yuko juu ya udongo wa mwenziwe, na wajukuu wake wako juu ya udongo huohuo. Mimi nimenunua kuta, paa na vyumba sita. Niliyajua hayo kabla ya kutia sahihi. Lakini nadhani ndiyo yaliyonifanya niwe mkali juu ya vile vilivyokuwa vyangu kweli, na katika hivyo, cha kwanza kuonekana na mpita njia ni baraza.

Na barazani kulikuwa na watu.

Walikuja na nyumba, kama kisima. Wazee wanne, siku nyingine sita, tangu alasiri mpaka adhana ya isha, na bao lao lililong'aa kwa kushikwa: mashimo thelathini na mawili, kete sitini na nne za komwe. Muuza kahawa naye alijua pa kusimama na dele lake. Dirisha la chumba chetu liko juu ya baraza hasa, na binti huyu wa kijiko alikuwa na miezi mitatu. Ko, ko, ko, ko. Kete zikinyamaza, ubishi waanza. Niliwaambia watu kwamba mama watoto anaona tabu kupita katikati ya wanaume. Yeye mwenyewe hakuwahi kuniambia hivyo. Alikuwa akiwasalimu, akipita, na kuna siku aliwatolea kaimati.

Mkubwa wao alikuwa mzee mmoja mwembamba mwenye goti bovu, kanzu nyeupe kila siku ya Mungu, makubadhi yaliyopata kushonwa mara nyingi. Siku ya kwanza niliwatolea masalkheri, akanipa mkono.

"Karibu sana, mwenye nyumba. Mimi pia nina nyumba hapa." Akaonyesha kwa kidole lile shimo la pembe nne, lina kete sita. "Hii haina kodi ya kiwanja."

Wenziwe walicheka mpaka kahawa ikamwagika, barazani kwangu. Kwa msiocheza: hilo shimo ndilo huitwa nyumba, mchezo huanza na kete sita ndani yake, na mchezaji huilinda kwa roho yake yote, kwa sababu ikishaliwa au ikishasafirishwa, basi, si nyumba tena, ni shimo kama mashimo mengine. Nilidhani ananikejeli. Siku hizi nacheza kidogo, na nahisi labda alikuwa anafungua urafiki. Au yote mawili. Wazee wa mji huu wana uwezo huo.

Wakati ule nilikuwa na wazimu wa mtu aliyepata nyumba ukubwani. Kila Jumamosi nina kitu mkononi: nyundo, msasa, msumeno wa kuazima. Nilipanda asumini uani, ikafa, nikapanda nyingine. Niliunda banda la njiwa, njiwa wakalikagua siku mbili wakahamia kwa jirani. Kwa hivyo niliposema napaka baraza kwa ajili ya Ramadhani, hakuna aliyeshangaa. Rangi yenyewe niliipata nusu bei. Mtu aliagiza ichanganywe na hakurudi kuichukua. Rangi ya mafuta. Mwenye duka akaniapia kwamba saa sita tu imekauka.

Huenda ni kweli, huko bara. Lakini Mombasa mwezi wa Mei, wakati chumvi jikoni yageuka maji ndani ya chupa, rangi ya mafuta haikauki kwa saa sita. Nilijua. Nimezaliwa hapa. Ningeweza kuanza asubuhi, na sikuanza asubuhi. Nilianza baada ya adhuhuri, nikasuuza brashi alasiri ikiadhiniwa.

Mvua ikanisaidia, au ikaniponza. Ilipiga alasiri yote, wazee hawakuja. Baraza liko chini ya upenu, kwa hivyo rangi haikulowa, wala haikukauka. Magharibi mvua ikakatika, na stima nayo ikakatika. Mtaa mzima giza. Nikasali nyumbani, nikamchukua mtoto begani kumbembeleza, nikasimama chumbani karibu na dirisha. Bawa moja la dirisha limefungwa, la pili liko wazi kidogo kwa ajili ya hewa.

Nikasikia makubadhi.

Nilishayajua: moja lakanyaga, la pili laburuzika. Yakaja polepole yakikwepa madimbwi, yakasimama mbele ya baraza. Nikasikia pumzi ikivutwa puani, mara mbili, fupi fupi. Kisha bao likawekwa chini. Chini sakafuni, si juu ya baraza kama siku zote.

Maneno yaliyotakiwa ni mawili. Nilikuwa nayo mdomoni. Nakumbuka yalivyokaa, kama kokwa ya ukwaju na hujui pa kuitemea. Nikajiambia, nikipaza sauti mtoto ataamka. Nikalifikiria hilo kwa utulivu kabisa, kama mtu anayelitafutia jambo fatwa. Mtoto alikuwa wala hajalala. Alikuwa ananitafuna kola.

"Bismillahi," mzee akasema, akaketi. Aliketi kama wenye magoti mabovu wanavyoketi, kwa vituo vitatu, na kwenye kituo cha tatu nikasikia kisauti kidogo cha kunata, kama ulimi ukibanduka kaakaani.

Hakuruka. Hakusema astaghfirullah, hakuita mtu. Akakaa. Nilikuwa nyuma ya kisogo chake, ubao wa dirisha na pengine shibiri mbili za hewa kati yetu. Nikaona weupe wa kofia yake unakwenda mbele na nyuma kidogo. Alikuwa ameanza uradi wake. Harufu ya rangi ilinijaa kooni, na najua kwamba harufu ile siku hiyo ilifika mpaka kwa muuza viazi karai wa kona. Mkono ukaanza kufa ganzi. Mtoto akapiga kwikwi, moja tu. Kofia ikasita. Nami nikazuia pumzi, mtu mzima, mwenye nyumba, ndani ya nyumba yangu. Kofia ikaendelea.

Sijui tulikaa vile kwa muda gani. Wenziwe wawili walikuja, nikasikia wakinong'ona, hawakuketi. Halafu isha ikaadhiniwa.

Msikitini kulikuwa na genereta, taa zawaka kama mchana. Mzee huyu kawaida yake ni safu ya nyuma, karibu na nguzo, kwa sababu ya goti. Usiku ule alipita safu zote, pole pole, yule anampisha na yule anampisha, mpaka mbele. Mimi nilikuwa safu ya pili. Nafasi iliyobaki ilikuwa nyuma yake, na kilichokuwa nyuma yake ni majani mawili makubwa ya mkungu, ya kijani, yametoka vizuri sana, mpaka mshipa wa kati umeonekana.

Kila tulipokwenda rukuu, yakanijia. Kijana wa kushoto kwangu alikohoa kikohozi kisicho cha mafua. Nyuma nikasikia mwingine. Ningependa kuwaambia kwamba imamu alisoma Araaita, ile sura ya wanaosali na huku wanazuia hisani ndogo, ingeipendeza sana hadithi yangu. Alisoma Kulhuwallahu, kama afanyavyo kila mvua ikitishia. Rakaa nne. Sikumbuki nilichosoma. Nilipofika nyumbani niliirudia sala, na ile ya kurudia nayo ilikuwa na kijani.

Mlangoni nilimkuta ameinama anatafuta makubadhi. Nikamsogezea kwa mguu. Akanishika bega ili ajiinue.

"Rangi nzuri, mwanangu," akasema. "Inashika."

Akaenda zake. Moja lakanyaga, la pili laburuzika.

Yaliyofuata ni mafupi. Nilimnunulia kanzu mpya, nikampelekea kwa mkono wa mjukuu wake. Akapokea, akanitumia salamu na shukrani. Ile mpya akaivaa Ijumaa. Ile ya majani ya mkungu ilisuguliwa kwa mafuta ya taa mpaka ikapauka kidogo, na siku sita zilizobaki za wiki aliivaa hiyo, barazani kwangu, akicheza bao, wiki baada ya wiki. Baada ya Idi nikapaka rangi ya maziwa. Safari hiyo nilizunguka mlango kwa mlango kuwaarifu watu, mpaka wakadhani nina harusi.

Kabla ya hapo, usiku wa kuamkia Ramadhani, watu wakiombana radhi kama ada, nilimfuata pale pale kwenye bao. "Mzee, nisamehe..." Nilikuwa nimepanga maneno. Akaninyoshea kiganja. "Tusameheane sote, mwanangu. Na wewe nisamehe mimi." Akadondosha kete, akala, akasahau kwamba nimesimama. Sikupata pa kuiingiza rangi. Na mpaka leo sijui mimi nilimsamehe nini.

Alifariki 2019, Mungu amrehemu. Matangani nilikaa na wenziwe wawili wa usiku ule, nikaona bora niulize. Mmoja akasema, "Nilimwambia hiyo ni rangi. Akanijibu, najua." Wa pili akaapa kwamba hapana: macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, usiku hakuona kitu, na pua ilikufa zamani kwa ugoro. Wakaanza kubishana, kama kawaida yao. Mimi nikabaki na zile pumzi mbili fupi. Mtu anayenusa rangi huvuta hivyo. Mtu anayevuta ugoro huvuta hivyohivyo. Na lile bao aliliweka chini.

Binti sijamwambia kwamba alikuwepo, begani, na kwamba kwikwi ilikuwa yake.

Ramadhani nyingine inabisha hodi, na baraza lazima lipakwe, sasa limeshatobolewa. Leo asubuhi nimenunua mkebe, rangi ya maziwa tena, na brashi. Nilipotoka nje kuangalia kama pamekauka umande, nimekuta katoni imefungwa kwa uzi kwenye chuma cha dirisha, maandishi ya kalamu nene, herufi kubwa zinazopanda mlima: RANGI MBICHI. Mkebe wenyewe sijaufungua.

Mzee mmoja kati ya wale wawili alikuwa ameshafika, bao kwapani, anaisoma kwa miwani iliyoshikwa mkononi.

"Ya kweli hii?" akaniuliza.

"Bado."

Akapitisha kidole barazani, akakiangalia, akakinusa, akaketi.