Hoja ya Maombi Isiyokuwa Yangu

Wapendwa katika Bwana, wiki hii sikuweza kuupita mstari wa kwanza wa Wagalatia 6, ambapo Paulo, akiisha kutuagiza tumrejeze kwa upole ndugu aliyeghafilika, anaongeza: "ukijiangalia nafsi yako usije ukajaribiwa wewe mwenyewe." Kwa miaka mingi nililichukua neno hilo kuwa onyo juu ya chupa tu, kwamba mimi niliyekuwa mlevi nikiketi na anayepambana na ulevi nijihadhari nisije nikanywa tena. Safari hii jaribu lilipitia mlango mwingine, nami nikaanguka bila kuonja hata tone.

Ndugu mmoja ninayemsindikiza katika kuacha pombe alinieleza jambo lake. Siku mbili baadaye, zamu yangu ya kutoa hoja ilipofika kwenye kikundi cha maombi, nikasema, "Tumwombee ndugu fulani, sitamtaja jina." Kweli sikumtaja, lakini nilieleza kiasi cha kutosha, maana dada mmoja alifumbua macho, akamtazama aliyekaa kando yake, wakaelewana bila neno. Kabla ya jua kuzama, mwenyewe alikuwa amepata habari.

Hapa naomba niseme kwa ukali kidogo, nikianza na nafsi yangu. Umbea tumeuvika kanzu na kuuita mzigo wa maombi. Mungu achunguzaye mioyo hangoji maelezo yetu ndipo ajue nani ameteleza na alilala wapi. Maelezo yale huwa ni kwa ajili ya masikio yetu sisi. Mtu anayetoka katika uraibu mara nyingi amekwisha kupoteza kazi, akiba na imani ya jamaa zake, na pengine kitu pekee alichobaki nacho ni habari ya maisha yake na haki ya kuchagua atakayeisikia. Ukiichukua hiyo, hata kwa machozi na kwa kupiga magoti, umemnyang'anya.

Mwaka 1935, huko Akron, Marekani, Bill Wilson, mlevi aliyekuwa ameacha pombe, alikutana na daktari Bob Smith, mlevi mwenzake, ambaye alikuwa amekubali kumpa dakika kumi na tano tu. Walizungumza zaidi ya saa sita. Daktari alikwisha kuhubiriwa vya kutosha. Kilichomkalisha ni kwamba mgeni wake alisimulia ulevi wake mwenyewe, wala hakuja na habari za mtu mwingine. Kutoka kwao ulianza ushirika wa Alcoholics Anonymous, yaani Walevi Wasiotajwa Majina, ambao kutotajana umekubeba hadi katika jina lake. Ushuhuda wangu ninayo ruhusa ya kuutoa popote. Wa mwenzangu sina.

Kuna siri isiyofichwa, nayo ni pale uhai wa mtu unapokuwa hatarini, ila mpaka huo yafaa tunayemsindikiza aelezwe siku ya kwanza, asiugundue baada ya kusema. Mengine ya huduma hii mnayajua: tusikopeshane fedha, na tusijifanye madaktari, kwa maana aliyezoea kunywa sana kila siku akiacha ghafla anaweza kupata degedege na hata kufa, naye anahitaji hospitali kabla ya mawaidha yetu. Wala tusimkokote mtu. Bwana mwenyewe alimwuliza aliyekuwa hawezi muda wa miaka thelathini na minane, "Wataka kuwa mzima?", akasubiri jibu.

Alhamisi nilimwendea ndugu yangu. Sikumwambia kwamba nia yangu ilikuwa njema, ingawa sentensi hiyo nilikuwa nimeiandaa njiani. Nilisema nimemkosea, nikanyamaza. Akaniuliza kama atakalonieleza siku hiyo litafika kikundini. Nikamjibu halitafika, nikijua kwamba neno langu kwa sasa halina uzito wa kutosha.

Nilimwomba pia ruhusa ya kuandika tafakari hii. Alisema niandike kosa langu, habari zake niziache. Jana nikampelekea karatasi, akaisoma taratibu akiwa amesimama mlangoni, akaomba kalamu, akafuta mistari miwili. Sikumwuliza sababu. Mistari hiyo haimo.