Kaunta buku la 2008 na kopo la chumvi la mama

Mbukwenyi. Leo sina shifti, nje mvua ya huku Glasgow, Uskoti, ile ya manyunyu isiyokatika wala kukolea, nimekaa na chai yangu afu dada kanirushia wasapu picha za kurasa tatu za kaunta buku langu la zamani. Alikua anasafisha stoo ya mama kule Chang'ombe ya Dodoma akalikuta chini ya gunia la mtama. Picha ya kwanza tu nikaanza kuona aibu peke yangu sebuleni.

2008 ndo nilikua nimeingia UDOM, chuo chenyewe kina mwaka mmoja, majengo bado yanajengwa, vumbi kila kona. Nina miaka 21 na najiona dunia nishaielewa yote. Nikaandika kwa biki nyekundu KANUNI ZA MAISHA YANGU, nikapiga mstari kwa rula. Kuamka saa kumi na moja alfajiri, kukimbia mpaka Chimwaga na kurudi, kuoga maji ya baridi, sukari marufuku, kutogombana na mtu yeyote maana amani ni kunyamaza. Na chini kabisa, mnisamehe, nimeandika "mgonjwa ni mtu aliyekosa nidhamu".

Hiyo ya mwisho niliihubiri mpaka nyumbani. Mama presha alishaanza nayo, mi nikirudi wikiendi kazi yangu ya kwanza ni kumnyang'anya kopo la chumvi, kapika mlenda na ugali wa uwele ananisubiri nile na mi nimesimama pale natoa lekcha, mama hujitunzi, mama unajiua. Anacheka tu, "sawa daktari". Na yule mwanamke alikua anaamka kabla yangu kila siku ya Mungu kuwahi foleni ya maji, Dodoma na maji mnajua wenyewe, anarudi na ndoo kichwani mi ndo kwanza natafuta raba za kukimbilia. Sikuwahi kuiita hiyo nidhamu. Niliona ni mama tu.

Afu nikaja huku. Nyumbani saa kumi na mbili na kitu jua lishatoka, iwe mwezi wa kwanza iwe wa saba tofauti ni ndogo, jogoo anawika, adhana inaita, konda anapiga debe, hata ukitaka kulala utashindwa, na mi miaka yote nilidhani anayeamka pale ni mimi. Glasgow mwezi wa kumi na mbili jua linatoka karibu saa tatu asubuhi na saa kumi kasorobo jioni lishazama. Nilitega alamu tatu, nikazizima zote tatu. Nikawa najitukana kwenye kioo, mvivu wewe, Mgogo mzima umeshindwa na giza. Kuja kupimwa damu, vitamini D iko chini kabisa. Ngozi zetu zinataka jua jingi, na huku kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa tatu jua lenyewe ni la picha, ndo maana wanashauri watu wameze maikrogramu 10 kwa siku kipindi hicho, na sisi weusi tufikirie kumeza mwaka mzima. Sisemi uvivu haukuwepo kabisa hahaha, ila haukua peke yake. Maji ya baridi nilishayafuta siku nyingi, huku hiyo sio nidhamu ni kujitafutia kesi.

Kilichoniumiza zaidi ni ile ya kunyamaza. Nafanya kazi nyumba ya wazee, supavaiza wangu alikua akiniona nimemaliza usiku saa mbili asubuhi ananipigia nirudi saa kumi jioni. Sheria ya huku inasema mfanyakazi apate mapumziko ya saa 11 mfululizo, mwenzangu Mghana alinionyesha mpaka kwenye simu. Mi nasema hamna shida, hamna shida. Nikawa najisifu moyoni kwamba nina amani, kumbe nilikua naogopa, makaratasi yangu yalikua bado hayajakaa sawa na nilijua nikifungua mdomo itakuaje. Nafika nyumbani nimelala macho, taya zinauma kwa kusaga meno.

2023 nesi akanipima presha, 158 kwa 98, akarudia mara tatu, wao kuanzia 140 kwa 90 wanahesabu presha iko juu. Nikamwambia yule nesi mi sili sukari. Akaniuliza usiku kazini unakula nini. Tambi za pakiti, mkate, soseji, supu ya kopo. Akanionyesha nyuma ya pakiti, mtu mzima chumvi mwisho gramu 6 kwa siku na mi kwa bakuli moja tu nilikua nishazila nyingi. Nikapewa amlodipini, dawa ya presha. Wiki nzima sikumwambia mama, siku namwambia akaenda kuchukua miwani akanisomea herufi moja moja kwenye boksi lake. Dawa ile ile. Alicheka mpaka akakohoa.

Kwa supavaiza nilienda wiki hiyo hiyo, sauti inatetemeka kama mtoto wa darasa la pili, nikasema saa 11 nazitaka. Ratiba ikabadilishwa. Hatupendani mpaka leo ila nalala. Na kukimbia nakimbia bado, pembeni ya mto Clyde, saa yoyote nikiwa macho.

Basi leo baada ya zile picha nikampigia mama nikamsomea ile sentensi ya mgonjwa, nikamwomba radhi, na kwa lile kopo pia. Akakaa kimya kidogo. "Baba, lile ulilokua unachukua? Nilikua na lingine uvunguni." Nikamuuliza na sasahivi je, lipo? Akasema mtandao unakatakata.