Nilimjengea chatu wangu jumba, naye akagoma kula

Siku nilipowasha taa za kasha la Furushi kwa mara ya kwanza, nilivuta kiti nikalitazama nusu saa nzima, kama mtu aliyemaliza kupaua nyumba. Kioo pande zote, mawe laini ya mtoni, gogo moja lililopinda kwa madaha, taa nyeupe juu na kifuniko cha wavu. Walikosekana samaki tu. Furushi mwenyewe alilizunguka mara moja, akafika kona ya nyuma, akajiviringisha, akaficha kichwa katikati ya mwili wake na kutulia hapo. Wiki ikapita, ikaja ya pili. Panya niliyempa hakumtazama. Panya wa pili, ambaye alikuwa amekufa na hakuwa na uwezo wa kumdhuru kiumbe yeyote, alimfanya arudi nyuma kwa hofu.

Furushi ni chatu-mpira, wale chatu wadogo ambao wakitishika hujikunja wakawa duara. Wakubwa wao wengi huwa kati ya mita moja na mita moja na nusu, majike wakiwazidi madume. Nilimpa jina hilo kwa sababu siku aliyofika alikaa ndani ya mfuko wa kitambaa kama nguo zilizofungwa tayari kwa safari. Sikujua kwamba atabaki furushi miezi miwili.

Ushauri ukaanza kumiminika. Mmoja aliniambia kasha ni kubwa mno, nimhamishie kwenye kadogo. Mwingine akasema chatu-mpira hugoma tu, ni tabia yao, nimwache. (Kweli hugoma, na mkubwa mwenye afya anaweza kukaa miezi bila kula asidhurike, lakini huo usiwe mto wa kulalia wewe mwenye kasha baya.) Aliyeniuzia nyoka ndiye aliyeniudhi kuliko wote: aliniuzia pia jiwe la umeme la kupasha joto, akasema, "Hili tu, hutahitaji kitu kingine." Nikalichomeka. Kipimajoto cha mshale nilichokibandika kwenye kioo kikasema nyuzi 29, nikaridhika.

Baadaye niliazima kipimajoto cha kulenga na kubonyeza, kile chenye umbo la bastola. Jiwe lilikuwa na nyuzi 46 katikati. Sentimita 20 kutoka hapo, sakafu ilikuwa na nyuzi 22. Yaani nyoka wangu alikuwa na mambo mawili ya kuchagua, kuungua au kupigwa na baridi, na alikuwa na akili ya kuchagua baridi. Wengine hawana bahati hiyo, maana nyoka anaweza kulalia kitu kinachomuunguza tumbo asiondoke. Jiwe nililing'oa jioni ileile. Sikumpa mtu, nililitupa.

Ndipo nikajiuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza kabla ya kununua hata skrubu moja: huyu mnyama kwao anaishi wapi? Kwao ni ukanda unaoanzia Senegal hadi Uganda, na mchana humwoni juani. Amejichimbia kwenye shimo la panya au kwenye kichuguu kilichohamwa na mchwa. Giza, joto, unyevu, na kuta zinazomgusa mgongoni. Mimi nilikuwa nimempa uwanja wa mpira wenye taa. Inaonekana jina lake nililielewa vibaya.

Kasha jipya nililifanya kubwa zaidi ya lile la kwanza, na hapa naomba wale wa "kadogo" wanisikilize. Sentimita 120 kwa 60, kimo 60, mbao za plastiki ngumu, milango miwili ya kioo ya kuteleza kwa mbele. Ukubwa haukuwa tatizo, tatizo lilikuwa uwazi. Nilijaza katikati majani ya plastiki, magome ya mti na mabomba ya karatasi ngumu mpaka sakafu ikawa haionekani. Kisha nikaja kwenye maficho, na hapo urembo wangu wote ukaisha: nilichukua mabeseni mawili madogo ya plastiki, yale meusi, nikayapindua, nikakata mlango ukingoni na kuusugua kwa msasa hadi kidole kisikwaruzwe. Moja upande wa joto, moja upande wa baridi. Yafanane, kwa sababu likiwa moja tu zuri atakaa humo hata kama joto la hapo halimfai. Na yabane! Akijikunja humo, mgongo uguse paa. Mara ya kwanza nilinunua pango la kupendeza lenye umbo la fuvu, kwa pesa iliyoniuma, na Furushi alilikalia juu kama kuku.

Joto sasa linatoka kwenye balbu ya kauri isiyotoa mwanga, iliyofunikwa kwa kizimba cha waya ili asiiguse, na inaongozwa na thamostati, kifaa kinachopima joto na kulizima likizidi. Bila thamostati usiwashe kitu chochote, hata kile ulichoambiwa ni cha joto la wastani. Chini ya balbu nyuzi 31 hadi 33, upande wa pili 25 hadi 27, usiku kusishuke chini ya 23. Kuunga nyaya si kazi. Kazi ni kile kihisi cha thamostati. Mimi nilikiacha kining'inie. Usiku wa tatu Furushi alikipitia kwa bega, ikiwa nyoka ana bega, kikatumbukia kwenye bakuli la maji. Thamostati ikaamini ni baridi ikaichochea balbu bila kukoma. Bahati nilikuwa macho, nikasikia plastiki inalia. Na kabla hujachukua utepe wa gundi ukibandike: usibandike chochote chenye gundi ndani ya kasha. Ikimshika nyoka huondoka na magamba. Tumia vibanio vya waya vilivyopigwa skrubu.

Unyevu ndio ulionizeesha. Kwenye lile tangi la kioo nilikuwa napuliza maji mara tatu kwa siku kama mtu anayepiga pasi. Kipimo kinaruka hadi asilimia 80, nafurahi, nageuka, baada ya saa mbili ni 35. Kifuniko cha wavu kilikuwa kinautoa unyevu wote nje na taa inausukuma. Matokeo niliyaona macho ya Furushi yalipogeuka ya bluu iliyofifia na akaanza kujivua: ngozi ilitoka vipande vipande kama gazeti lililolowa, na jicho la kushoto likabaki na utando wake. Mtu akaniambia nichukue kibano cha nyusi niuvute. Nilimtazama vizuri nikahakikisha hatanii. Usifanye hivyo kamwe, unaweza kung'oa na kilicho chini. Nilimweka kwenye ndoo yenye matundu pamoja na taulo lenye unyevu vuguvugu, nikakaa karibu, akajipitisha kwenye mikunjo ya taulo mwenyewe mpaka utando ukatoka. Ungegoma, ningempeleka kwa daktari wa wanyama.

Dawa niliyoipata ni ya kijinga kwa urahisi wake. Weka matandiko ya makumbi ya nazi yaliyosagwa, kina cha sentimita kama nane au kumi, kisha maji uyamimine kwenye pembe nne tu, pole pole, yashuke hadi chini. Juu panabaki pakavu, chini pana unyevu, na joto linaupandisha kidogo kidogo siku nzima. Usiloweshe juu, maana magamba ya tumboni huoza nyoka akilala kwenye maji. Na maranda ya mwerezi au msonobari usiyaguse, hata yakiwa bure. Mafuta ya harufu yake yana madhara kwake. Nikaongeza bakuli zito la maji, nikaziba nusu ya matundu ya hewa. Sasa kipimo, cha namba na si cha mshale, kinakaa kati ya 60 na 70 bila mimi kugusa pampu. Gamba lililofuata lilitoka zima kama soksi, mpaka ncha ya mkia, na tando mbili za macho zikiwepo. Nililinyoosha mezani nikamwita dada yangu aje alione. Alisimama mlangoni akasema, "Kaka, hapo ndipo tunapolia chakula."

Nilisahau kusema alitoroka. Milango ya kuteleza huacha upenyo pale kioo kimoja kinapopita mbele ya kingine, na usiku mmoja sikuisukuma hadi mwisho. Upana wa vidole viwili ulitosha. Asubuhi beseni tupu, na dada yangu amesimama juu ya kiti na hataki kushuka. Tulipekua nyumba nzima mchana kutwa, kazi bure, kwa sababu mchana huyu amelala. Usiku nilinyunyiza unga wa ngano, mstari mwembamba kwenye kila kizingiti, nikafunga madirisha nikaenda kulala, ingawa aliyelala ni mimi peke yangu. Alfajiri mistari yote ilikuwa mizima isipokuwa wa stoo: umekatwa mahali pamoja, laini, kama mtu alivuta kamba juu yake. Nikafuata vumbi jeupe hadi kwenye mfuko wa viatu vya zamani. Alikuwa ndani ya buti, pua ina unga, amejaa humo akagusa kila upande. Hata mafichoni alikuwa ananifundisha kipimo cha beseni. Sasa milango ina kufuli, lile la kubana la makabati ya maonyesho.

Kwa siku kumi baada ya kumrudisha nilimwacha kabisa, sikumshika, nikafunika kioo cha mbele kwa kitambaa. Ndipo nikamwekea panya mwenye unene sawa na sehemu yake nene zaidi, niliyemyeyusha barafu kisha nikampasha kwenye maji ya moto na kumkausha. Kichwa cha panya ndicho kiwe na joto, kwa sababu chatu huyu ana vijishimo kwenye mdomo wa juu vinavyohisi joto. Ulimi ulitoka mlangoni mwa beseni mara tatu. Kikafuata kichwa, taratibu, shingo ikajipinda kama herufi S. Sikuona alivyopiga. Nilisikia tu beseni likigonga ukuta wa kasha.

Nikamwacha siku mbili bila kumgusa, asije akatapika.

Nasikia katika bustani ya wanyama ya St. Louis, Marekani, kuna jike wa jamii hii aliyetaga mayai mwaka 2020 akiwa na umri uliokadiriwa kupita miaka 60, na wa kufugwa kufika 20 au 30 si ajabu. Kwa hiyo mimi na lile beseni bado tunaye sana. Wageni wakija siku hizi huuliza nyoka yuko wapi. Nawaonyesha beseni jeusi lililopinduliwa, wanalitazama kwa adabu kidogo, halafu wanarudi kwenye televisheni.