Umeshindwa ubunge, bado unaapishwa?

Waziri mkuu wa jimbo nchini India anaweza kuapishwa bila kuwa mbunge wa bunge la jimbo hilo, ila Ibara ya 164(4) ya katiba inampa miezi 6 tu kupata kiti. Mfano ni Mamata Banerjee wa West Bengal. Mwaka 2021 chama chake kilishinda kwa kishindo, yeye akaangushwa katika eneo bunge la Nandigram kwa kura 1,956! Akaapishwa Mei 5. Bunge la West Bengal halina baraza la pili la kumpa kiti cha chapuchapu, hivyo mbunge wa eneo la Bhabanipur akajiuzulu kumpisha. Uchaguzi mdogo Septemba 30, ushindi wa kura 58,835. Na ujanja wa waziri kujiuzulu miezi 6 ikikaribia kwisha kisha kuapishwa upya? Mahakama ya Juu iliukataa tangu 2001.