Puya yangu ilitaka mawe, si mbolea

Nimekulia kwenye kahawa. Hapa Kapchorwa, Uganda, mteremkoni mwa Mlima Elgon, ukichomeka kijiti ardhini unageuka tu na kukuta majani, maana udongo ni wa volkano na mvua hatuidai. Kwa hiyo nilidhani puya itakuwa kazi ya kitoto.

Puya ni jamaa ya nanasi, ila kwao ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Kubwa kuliko zote ni Puya raimondii ya Peru na Bolivia: huota juu ya mita 3,000, hukaa miaka 80 hata 100 bila ua, kisha hutoa mkonga wa maua unaofikia mita 10, na baada ya hapo hufa. Nilipoona picha yake nikasema, hii si lobelia, ule mmea wetu mrefu wa kule juu Elgon? Wala hazina undugu. Ni jua kali la mchana na baridi ya usiku vilivyozifinyanga sura moja. Basi, mimi miaka 100 sina. Nikachagua Puya mirabilis, ya Bolivia na Argentina, ambayo huweza kuchanua miaka michache tu tangu mbegu.

Mbegu zenyewe ni ndogo na nyepesi, ukipiga chafya zimekwenda. Fungu la kwanza nilizifukia kama mahindi. Wiki sita, kimya. Kumbe zinataka mwanga ndipo ziote: unazitandaza juu ya mchanga wenye unyevu, unazibonyeza kwa kiganja, na unaziacha hapohapo. Fungu la pili nilifanya hivyo, nikafunika trei kwa kavera nyeupe, yaani mfuko wa plastiki, na wiki ya nne vikachomoza vijani kama nyasi. Kwa furaha nikavinywesha asubuhi na jioni, kavera sikuiondoa. Ukungu ukavilaza vyote kwa siku tatu.

Fungu la tatu lilinipa miche kumi na mmoja. Safari hii kavera niliitoboa, na miche ilipofikisha majani matatu nikaiondoa kabisa. Kumi niliipanda kwenye kitanda kizuri chenye samadi iliyooza vizuri, kama ningefanya kwa kahawa. Wa kumi na moja ulikuwa dhaifu, nikautia kwenye sufuria iliyotoboka, iliyojaa kokoto, nikauacha nyuma ya jiko.

Ile kumi ilinenepa mpaka jirani akawa ananitania, "Mwalimu, nanasi zako tutakula lini?" Zikaja mvua za Aprili. Nikishika jani la katikati linachomoka lenyewe, na chini kuna harufu ya nanasi lililooza. Mmoja baada ya mwingine, yote kumi. Wa kwenye sufuria ulikuwa mdogo, mgumu, na mzima.

Nilikasirika wiki nzima kabla sijaelewa. Baridi yetu haikuwa tatizo, wala urefu wa mlima. Tatizo lilikuwa ukarimu wangu. Nikajenga kitanda kilichoinuka futi moja na nusu mahali penye jua kutwa na mteremko: mawe makubwa chini, juu yake mchanganyiko wa kokoto na mchanga wa mtoni, ndoo tatu kwa ndoo moja ya udongo. Samadi, hata kiganja, hapana. Maji natia kiangazi tu, Desemba hadi Februari, mara moja kwa wiki, tena kwenye mizizi. Jamaa zake wengi wa msituni hukusanya maji katikati ya majani. Puya hunywa kwa mizizi, na ukiijaza maji kifuani unaiozesha. Wakati wa kupalilia vaa mikono mirefu, pembeni mwa majani kuna miiba.

Mwaka wa nne ule mche wa sufuria ulitoa mkonga unaonifika kifuani, wenye maua makubwa meupe yenye ukijani, yameinama kama yanasikiliza. Ndege aina ya chozi walikuwa wameshafika kabla mimi sijamaliza chai. Maua yalipokwisha, kichwa kilichochanua kikaanza kukauka, lakini ubavuni kulikuwa na machipukizi mawili, kama nanasi lifanyavyo.

Moja nimelibakiza. Jingine aliliomba yule jirani mwenye utani, nikampa pamoja na ndoo mbili za kokoto.