Nilivyofungasha nguo za baridi ya Berlin kwenye begi la kilo 23

Ukitangaza Dar kwamba Januari unakwenda Ulaya, kila mtu anakuletea koti. Mama mdogo alinitolea la marehemu mumewe, zito la kujaza kiti kizima. Jirani akaja na jaketi la ngozi. Ofisini nikaahidiwa mengine. Hakuna aliyeuliza nitavaa nini ndani ya makoti yote hayo, wala miguuni. Aliyeuliza ni mdogo wangu anayesoma Berlin, na jibu alikuwa nalo mwenyewe: "Dada, koti liwe la mwisho. Anza na miguu, halafu kinachogusa ngozi. Koti utalipata tu."

Nilimfuata, ila kwa marekebisho. Mimi navaa hijabu na nguo ndefu, na ushauri mwingi wa kusafiri wakati wa baridi humlenga mtu wa jinzi na jaketi.

Basi, miguu. Januari ya Berlin huchezea nyuzi chache juu na chini ya sifuri, na hiyo ni mbaya kuliko baridi kavu. Theluji inaanguka, mchana inayeyuka ikawa tope, usiku inaganda tena. Tena Berlin wenye nyumba hawaruhusiwi kumwaga chumvi mbele ya majengo yao, kwa sababu inaua miti. Wanamwaga changarawe ndogo. Kwa hiyo soli inatakiwa iwe na meno, na kiatu kipande juu ya kifundo na kisipitishe maji. Raba za kawaida hapo ni za ndani ya nyumba.

Dar viatu vya namna hiyo si rahisi, lakini Moshi vipo, maana vifaa vya wapanda mlima Kilimanjaro huuzwa na kukodishwa pale pale mjini. Binamu yangu alinitafutia buti zilizotumika, akazituma kwa basi. Nilimwambia achukue namba moja juu ya yangu. Soksi nene inahitaji nafasi, na vidole vikibanwa damu haizunguki vizuri, basi hata soksi ziwe tatu utaganda. Zilipofika nilizijaza magazeti ndani, nikaziweka kwenye beseni la maji lililofika usawa wa kamba, nikaziacha humo nikapika, nikala. Magazeti yalitoka makavu. Baada ya hapo nikawa naenda nazo kazini ili zinizoee. Konda wa daladala aliniuliza kama nimeitwa JKT.

Kinachogusa ngozi ndicho kilichonisumbua zaidi. Sisi wa pwani tumezoea pamba, na kwa joto letu haina mpinzani, kwa kuwa inanyonya jasho na kulishika. Kule hilo ndilo tatizo. Huko Ulaya unatoka jasho kuliko unavyodhani: unapanda ngazi za treni ya chini ya ardhi na koti mwilini, ndani ya behewa kuna joto, watu wamesongamana, halafu unatoka nje kwenye upepo na fulana mbichi mgongoni. Sufu laini ya kondoo wa merino inatunza joto hata ikiwa na unyevu, na hainuki upesi, hivyo mbili zinatosha; moja mwilini, moja imetundikwa ikipata hewa. Mitumba hapa haikunisaidia. Nguo za ndani za mitumba shirika la viwango, TBS, wamezipiga marufuku, na hata zingeruhusiwa nisingevaa. Mdogo wangu alininunulia blauzi mbili za mikono mirefu na skintaiti mbili za sufu huko huko, akaja nazo uwanja wa ndege. Vitu hivi si bei ya mchezo. Kama kuna mahali pa kutoa hela, ni hapa na kwenye viatu. Kwingine kote unaweza kubana.

Nguo ndefu zina faida ambayo wenye jinzi hawaijui: hewa iliyokaa kati ya sketi na skintaiti inapata joto la mwili na kubaki pale. Hasara yake ni pindo. Baibui linaloburura chini litakunywa lile tope na kulipandisha hadi magotini kabla hujafika kituoni. Nilimpelekea fundi cherehani sketi mbili nzito na baibui moja, nikamwambia apandishe upindo uishie pale buti inapoanzia. Alinitazama kama nimepotoka, akashona. Kwa siku za upepo nilivaa skintaiti mbili, ya sufu ndani na ya kawaida juu. Kichwani mambo yalikuwa mepesi: hijabu ya kitambaa kinachovutika, mzula wa sufu juu yake, na skafu sikuihitaji kabisa kwa kuwa shingo ilishafunikwa. Nilibeba pia doti moja ya kanga, ya kuswalia na kujifunika kwenye ndege. Ikarudi nusu, kipande kimoja mdogo wangu alikikatalia.

Sweta zilitoka mitumba ya Karume, na koti pia. Nilichukua sweta za kufunguka mbele, moja ya zipu na moja ya vifungo. Ya kuvaa kwa kichwani ni adha kwa mwenye hijabu, na ndani ya duka lenye joto unataka kufungua kwa sekunde, si kuanza kujivua mbele za watu.

Makoti mazito Dar ni mali isiyo na mwenyewe. Robota likifunguliwa watu wanapigania magauni na mashati, makoti yanatupwa pembeni. Kijana muuzaji aliponiona nayapekua akacheka.

"Dada yangu, unahamia Makete?"

"Mbali zaidi. Hili bei gani?"

"Elfu arobaini, kwa kuwa ni wewe."

"Kaka, hili umekaa nalo tangu lini? Nani mwingine atalinunua hapa?"

Tuliishia shilingi 25,000, na naamini bado nilipigwa kidogo. Lilikuwa la manyoya ya bata, refu hadi juu ya magoti, jepesi kuliko lile la mama mdogo mara tatu. Koti la manyoya linakaguliwa kwa mikono. Libonyeze kisha liachie: likivimba tena taratibu, lina uhai, manyoya yakiwa yamegandana kwenye kona za vyumba vyake kama ugali wa jana, liache. Lishike juu uelekee mwanga, uone kama kuna sehemu tupu. Kagua zipu, na ikiwa inafunguka kutoka chini pia ni bora, maana sketi ndefu inahitaji nafasi ukikaa au ukipanda ngazi. Mikono iwe na vibana vya kuzuia upepo. Ubaya wa manyoya ni kwamba yakilowa yanalala na joto linaondoka, kwa hiyo kitambaa cha juu kiwe kinachomwaga maji. Nililifua kwa sabuni kidogo sana, nikalisuuza mara nyingi, nikalianika Desemba hiyo hiyo na kulipiga-piga kwa viganja asubuhi na jioni mpaka mabonge yakaachia. Lisipokauka hadi ndani linavunda.

Sababu ya mpangilio wote huu ni kwamba nguo haitoi joto. Joto linatoka mwilini, nguo inashika hewa iliyopashwa isiondoke. Tabaka tatu nyepesi zinashika hewa nyingi, tena unaweza kutoa moja. Lile koti zito la mama mdogo na fulana ndani yake lingenipa hali mbili tu, kuungua au kutetemeka.

Kufunga begi kulikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Vizito vyote nilivivaa: buti, sweta ya zipu, sketi nzito. Koti nikalisokota ndani ya mfuko wake nikalibeba mkononi. Vilivyofikisha kilo 23 hasa ni viungo vya pilau na vitenge vya watu. Kwenye begi la mkononi niliweka soksi, mzula, glavu na kila cha kunivusha siku mbili za mwanzo, kwa sababu nilikuwa natua Jumapili. Ujerumani Jumapili maduka karibu yote yamefungwa kisheria, ukiacha vioski na maduka ya stesheni kubwa kama Hauptbahnhof. Begi likichelewa siku hiyo, huna pa kununua soksi.

Mjini, siku ni fupi. Jua linachomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kidogo baada ya saa kumi jioni, kwa hiyo tulipanga ya nje mchana na makumbusho asubuhi na jioni. Makumbusho mengi yana mahali pa kukabidhi koti au makabati ya kufunga, na mengine hayakuruhusu kuingia na koti au begi kubwa. Nilikabidhi koti na sweta, nikabaki na blauzi ya sufu na kizibao chembamba.

Kwa Mtanzania, makumbusho ya kwanza ni Museum für Naturkunde, ya viumbe na maumbile ya asili. Yule mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa ukumbi wa mbele, mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, ni wa kwetu Tendaguru, Lindi. Alichimbwa kati ya 1909 na 1913, na mifupa ilibebwa na wapagazi vichwani hadi bandarini Lindi. Nilikaa pale kuliko nilivyopanga, nikimtazama shingo. Yeye joto lake linawashwa na serikali.

Glavu zilipata mtihani kwenye mtaa wa Afrikanisches Viertel, kule Wedding, ambako unakutana na Sansibarstraße, Tangastraße na Usambarastraße. Tulikwenda kutafuta Maji-Maji-Allee, kipande cha mtaa uliowahi kubeba jina la Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani, na kilichopewa jina jipya 2024. Nilipotoa simu nipige picha chini ya kibao, betri iliyokuwa nusu ikazima. Baridi inadhoofisha betri za simu. Mdogo wangu yake alikuwa nayo mfuko wa ndani, karibu na kifua, na ndiyo iliyopiga. Nilikuwa nimevaa glavu nyembamba za kugusa kioo ndani ya glavu nene za mfuko, zisizotenganisha vidole, na mpango huo naupenda hadi leo: unatoa zile za juu tu, mkono haubaki wazi.

Mahali pa baridi kuliko kote palikuwa Tempelhofer Feld, uwanja wa ndege uliofungwa 2008 na kugeuzwa bustani 2010. Ni uwanda mtupu, hakuna jengo la kukinga upepo. Tuliufikia tukitoka kuswali msikiti wa Şehitlik ulio jirani. Kwa wenye kutawadha: beba kitaulo kidogo na ukaushe hadi katikati ya vidole vya miguu kabla ya kurudisha soksi, na chagua buti yenye zipu pembeni kama ukiipata. Zangu zilikuwa za kamba, na watu walinisubiri mlangoni.

Ngozi nayo ifungashiwe. Hewa ya ndani, yenye vipasha joto, ni kavu sana. Midomo na viganja vinapasuka kabla hujajua. Mafuta ya nazi yaliganda chupani, kwa kuwa yanaganda chini ya nyuzi 24 hivi, na chupa yangu ilikuwa ya mdomo mwembamba. Vaselini haina maringo hayo.

Tulikuwa Januari, kwa hiyo madukani nguo za baridi zilishaanza kushushwa bei. Niliongeza soksi za sufu kwa bei nafuu kabisa. Sweta ya vifungo haikutoka begini hata mara moja. Blauzi ya sufu, sweta ya zipu na koti vilitosha hata asubuhi ya nyuzi sita chini ya sifuri. Mwavuli nilioubeba Dar uligeuzwa na upepo pale Tempelhof, na nimegundua Wajerumani wengi wanavaa tu kofia ya koti wakaendelea na safari. Safari nyingine nitabeba soksi jozi nyingi zaidi, sweta moja, na nitamwomba yule fundi ashone mfuko wa simu ndani ya koti, upande wa kushoto.